Kabla ya Kuimba, Muulizeni Mgonjwa

Mama alivunjika nyonga mwaka jana, mwendo wa saa mbili usiku, akitoka bafuni. Jirani alitutolea gari lake, tukamlaza kiti cha nyuma, na saa nne ikikaribia tukawa tumemfikisha kesualti, yaani kitengo cha dharura, ya hospitali moja ya huku kwetu. Machela yake ilisogezwa ukutani, kati ya kijana wa bodaboda aliyechubuka uso mzima na mtoto aliyekuwa akilia bila machozi. Mguu wa mama ulikuwa umegeukia nje. Alikuwa ameuma pindo la leso.

Sista alimpima presha, akaandika namba kwenye kadi, akatuambia ukweli: wapo wawili mbele yake ambao hali zao ni mbaya zaidi, na daktari ni mmoja. Tulielewa. Tukabaki tumesimama, mimi na mama mdogo, mikono yetu haina kazi. Mama mdogo akaanza kuimba kwa sauti ya chini, mdomo karibu na sikio la dadake. Aliushika uliomjia kwanza, wimbo wa kanisani ambao kila Mnyore anaujua. Mama akafumbua macho.

"Huo hapana," akasema. "Huo ni wa kuzika."

Mama mdogo akanyamaza. Baada ya kitambo akaanza mwingine, wimbo wa kusaga wimbi waliokuwa wakiuimba wakiwa wasichana kule Luanda ya Vihiga, kabla mashine ya kusaga haijafika kijijini. Wimbo wa kusaga huenda kwa mwendo wa jiwe: linasukumwa, linarudi, linasukumwa. Nikaona kifua cha mama kinaanza kuufuata. Maumivu hayakwisha. Alipoguswa mguu alipiga ukelele kama mtu yeyote. Lakini leso ilitoka mdomoni, na kwa karibu saa nzima, hadi daktari alipofika, mama alikuwa anapumua na kungoja, jambo ambalo robo saa kabla ya hapo hakuliweza.

Wanaotaka hospitali ziwalete wanamuziki wawapigie wagonjwa papo hapo, hata katika kitengo cha dharura, nawaunga mkono. Nimeshasikia wakibezwa kwamba wanataka anasa ya watu wenye hospitali za vioo. Sikubaliani na kubezwa huko, na nitasema kwa nini. Ila ninaliunga mkono jambo hili kwa sharti alilolitamka mama kwa maneno machache juu ya machela, na nina hofu kwamba sharti hilo ndilo la kwanza litakalosahaulika siku mpango wa namna hii ukizinduliwa Kisumu, Kakamega au Nakuru kwa hotuba na fulana.

Anayedhani muziki ni mgeni hospitalini hajawahi kulazwa Nyanza wala Magharibi. Jumapili baada ya ibada, vikundi vya kwaya huingia wodini. Akina mama wa kanisa huja na sare zao na uji kwenye thamosi. Mhubiri huja na spika ndogo. Televisheni ya pale pa kungojea huwaka kutwa, ikirusha nyimbo ambazo hakuna aliyeziomba, na mlinzi wa geti ana redio yake. Muziki upo tele. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza aliyelala kama anautaka.

Najua kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waimbaji hao. Nilipokuwa kijana nikiimba teno katika kwaya yetu, tulikwenda wodi ya wanaume Jumapili moja, tukajipanga katikati ya vitanda, tukaanza. Tuliimba vizuri, hilo nalikumbuka. Kitanda cha pili kutoka mlangoni alikuwapo mzee mmoja mwenye mpira wa mkojo. Tulipofika ubeti wa pili aligeuza uso ukutani na kuvuta blanketi hadi masikioni. Mkewe alitutazama bila hasira yoyote, kama mtu anayeomba radhi. Tukamaliza beti zote nne. Hatukujua namna ya kuishia katikati, wala hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba katikati ni mahali pa kuishia. Wimbo wenyewe, ukiniuliza leo, ni ule ambao wiki hiyo hiyo tuliuimba kwenye matanga mawili.

Huku kwetu nyimbo nyingi za faraja ndizo hizo hizo za msiba. Mtu mzima wa Vihiga, Siaya au Butere ameshasimama makaburini mara nyingi kuliko alivyokwenda harusini, na sikio lake limeshika hesabu hiyo. Ukimwimbia wimbo huo akiwa na dripu mkononi na hajui kama atapona, umemletea habari ambayo daktari hajaitoa.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana pande zote mbili huutaja vibaya. Mwaka 2015 jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 73 ya muziki kwa watu wazima waliofanyiwa upasuaji. Waliosikilizishwa muziki waliripoti maumivu machache na wasiwasi mdogo, na walitumia dawa kidogo zaidi za kutuliza maumivu. Siku zao za kukaa hospitalini hazikupungua. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2006, wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulipima ukubwa wa nafuu yenyewe kwa ngazi ya sifuri hadi kumi, ukapata kwamba maumivu hushuka kwa kama nusu ya ngazi moja. Nusu ngazi ni kidogo. Anayeahidi kwamba gitaa litachukua nafasi ya mofini anadanganya, na mama yangu aliyekuwa amevunjika nyonga angekuwa wa kwanza kumwambia hivyo.

Kilichonikalisha kitako ni kitu kingine ndani ya uchambuzi huo wa 2015. Watafiti waliangalia kama kuna tofauti kubwa kati ya muziki aliouchagua mgonjwa mwenyewe na ule aliochaguliwa na mtafiti. Hawakuiona. Mtu angeweza kulichukua jambo hilo na kunipiga nalo: kumbe kuchagua hakuna maana, pigeni tu chochote kilicho laini! Nimelifikiria sana, na jibu langu ni hili. Katika majaribio ya namna hiyo, kwa kawaida mgonjwa huulizwa kabla. Huambiwa utafiti ni wa nini, akakubali, akatia sahihi. Wapo waliosikiliza kwa vifaa vya masikioni, ambavyo aliye macho anaweza kuvivua kwa mkono wake mwenyewe. Uchaguzi mkubwa, ule wa kusikia au kutosikia, ulikuwa umeshafanyika kabla wimbo wa kwanza haujaanza. Na wengi wao walikwenda kwa upasuaji uliopangwa, siku imejulikana, begi limefungwa. Kesualti haina begi lililofungwa. Mtu ameletwa na damu kwenye shati, pengine bila viatu, na karibu kila kitu anachotendewa hakukichagua: nani amguse, lini, wapi alale, nani amwone akiwa uchi. Muziki unaweza kuwa kitu kimoja katika usiku huo anachoweza kukikubali au kukikataa. Tukimnyima hata hilo tumemwongezea kitu kingine cha kuvumilia.

Katika kitengo cha dharura chenyewe tafiti ni chache. Ninaoupenda ulifanyika Edmonton, Kanada, ukachapishwa 2013: watoto 42 wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja waliokuwa wakitiwa sindano ya dripu. Waliopigiwa muziki walisema maumivu hayakuwapanda kama wenzao, na wahudumu waliona kazi ya kuingiza sindano imekuwa rahisi zaidi. Hilo la mwisho nalitilia mkazo. Aliyewahi kumshika mtoto anayejitupa huku sista akitafuta mshipa mara ya tatu anajua kwamba utulivu wa mtoto ni utulivu wa watu wanne.

Lakini Edmonton walitumia muziki uliorekodiwa. Kwa nini basi tumsumbue mtu aje na chombo chake, wakati simu ipo?

Kwa sababu simu haioni. Katika miaka ya 1940 daktari wa akili Ira Altshuler, huko Marekani, alieleza kanuni ambayo waganga wa muziki wanaifuata hadi leo: uanze pale mgonjwa alipo, kisha umvute polepole kule unakotaka afike. Mtu anayehema kwa kasi ukimpigia kitu cha taratibu kama bembelezo, muziki unapita juu yake kama mvua juu ya bati. Ukianza na kasi yake, ukapunguza kidogo kidogo, mwili unaweza kukufuata. Rekodi haiwezi kufanya hivyo. Haijui kwamba mgonjwa amefumba macho, wala kwamba daktari ameingia. Mama mdogo alilegeza mwendo wa jiwe bila hata kuambiwa, kwa sababu alikuwa anautazama ubavu wa dadake ukipanda na kushuka.

Utafiti mkubwa uliochapishwa 2013 katika hospitali 11 za Marekani, kwa watoto 272 waliozaliwa kabla ya wakati, ulikwenda njia hiyo hiyo. Muziki wote ulikuwa wa papo hapo, na sehemu moja yake ilikuwa wimbo walioutaja wazazi wenyewe, wa nyumbani kwao, ukageuzwa kuwa bembelezo na kuimbwa taratibu kwa kufuata hali ya mtoto. Nilipousoma niliwaza kwamba watu walisafiri mbali sana kisayansi wakafika pale alipokuwa amesimama mama mdogo na leso yake. Sisemi hivyo kuushusha utafiti. Ni furaha kumwona mtu mwenye vipimo akithibitisha kitu ambacho shangazi zetu walikuwa wakikifanya bila kupewa heshima.

Kuna jambo la kimya pia. Mwaka 2006 watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi waliwapima watu 24 wakisikiliza muziki wa aina mbalimbali. Mapigo ya moyo na pumzi vilifuata kasi ya muziki. Kisha katikati waliweka dakika mbili za kimya, na hapo ndipo miili ilipotulia kuliko wakati wowote, hata kuliko kabla ya kuanza. Muziki uliwaandaa, kimya kikawapumzisha. Kwa hiyo mpigaji wa hospitalini ni lazima ajue kunyamaza, na pale pa kungojea ni lazima pawe na kimya cha kunyamazia.

Pale pa kwetu hapana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele ndani ya wodi usiku zisizidi desibeli 30. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipokusanya vipimo vya miaka mingi kutoka hospitali za nchi mbalimbali, mwaka 2005 walionyesha kwamba wastani wa mchana umepanda kutoka desibeli 57 mwaka 1960 hadi 72. Sikio huhisi kila desibeli 10 zinazoongezeka kama sauti iliyokuwa maradufu. Ingia kesualti yoyote ya mji wetu siku ya mwisho wa mwezi uongeze magurudumu ya machela yasiyotiwa grisi, honi za bodaboda mlangoni na jamaa kumi wa majeruhi mmoja. Kupeleka mwanamuziki hapo bila kuzima televisheni ni kuongeza kelele juu ya kelele. Kitendo cha kwanza cha muziki katika mpango wowote wa maana kitakuwa kushika rimoti na kuzima, na hicho hakina gharama.

Ninapofika kwenye vyombo ndipo wenzangu wengi wa huku hukasirika nami. Kila mtu angependa kuona nyatiti, kinubi cha Wajaluo, ikipigwa hospitalini Kisumu, picha nzuri kweli kweli. Nami naipenda nyatiti. Lakini nyatiti ina kwao, na kwao mojawapo ni msibani. Wapo wazee wanaozieleza nyuzi zake nane kwamba nne ni za kuzaliwa na nne ni za kufa. Mpigaji huvaa gara, yaani njuga, mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, anayoigongesha kwenye fremu ya chombo. Ni muziki wa kusimulia na kusifu, unaotaka watu wameamka na kuitikia. Mgonjwa Mjaluo akiuomba, apigiwe, gara zikiachwa nyumbani. Asipouomba, asiamshwe na sauti aliyoisikia mara ya mwisho kwenye kifo cha babake. Na isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo tangu 2014 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, ilindwe kweli, lakini si kesualti. Ngoma tatu na pembe haziwezi kunong'ona.

Florence Nightingale aliandika mwaka 1859, katika kitabu chake cha uuguzi, kwamba vyombo vyenye sauti inayoendelea bila kukatika, pamoja na sauti ya binadamu, humfaa mgonjwa, na kwamba piano na vyombo vya namna yake humdhuru. Kwa kipimo chake, orutu, ule uzi mmoja unaokunwa kwa upinde, ingeshinda gitaa. Nadhani alikuwa na sikio zuri kuhusu orutu na alikosea kuhusu gitaa. Kuna wazee wa Magharibi ambao omutibo, lile gitaa la kudonoa kwa kidole gumba na cha shahada lililovuma siku za George Mukabi, ni kumbukumbu ya ujana wao wote. Mzee wa Kisa wa miaka themanini aliyevunjika mkono anaweza kuulizwa kama angependa kusikia kidogo. Ile chupa ya Fanta ya kukwaruza mdundo ibaki nje.

Hata hivyo lugha na kabila havitoshi kumjua mtu. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, hupokea watu kutoka kaunti nyingi za upande huu wa nchi. Katika usiku mmoja wanaweza kulala sambamba Mjaluo wa Seme, Mnandi wa Tinderet, Mkisii wa Nyamache, Msomali mwenye duka mjini na Mluhya wa Emuhaya. Msabato hataki ngoma karibu na sala zake. Mwislamu mmoja atapenda kasida na mwingine atataka Kurani isomwe au pawe kimya. Kijana wa bodaboda aliyekuwa karibu na mama pengine angetaka muziki wa ohangla wa juzi, na pengine asingetaka chochote kwa sababu kichwa kilikuwa kinamgonga. Hakuna orodha ya nyimbo itakayowatosha wote hawa. Swali ndilo linalowatosha.

Kuna wasiofaa kupigiwa kabisa, na hapa hakuna mjadala. Mgonjwa wa pepopunda hukakamaa kwa mishtuko inayoamshwa na sauti au mwanga, ndiyo sababu huwekwa mahali penye giza na utulivu. Mwanamke mwenye dalili za kifafa cha mimba anahitaji utulivu. Mwenye homa ya uti wa mgongo, mwenye kipandauso, aliyegongwa kichwa: sauti kwao ni kidonda kingine. Mpigaji hawezi kuwatambua watu hawa kwa macho. Sista wa triaji, pale wagonjwa wanapopangwa kwa uzito wa hali zao, ndiye anayewajua, na neno lake ni la mwisho. Akiinua kiganja, wimbo unakatika hapo hapo, hata kama zimebaki noti mbili. Mashine za kupima moyo nazo hulia ili zisikike, kwa hiyo muziki hauwezi kuruhusiwa kuzifunika.

Na usafi. Ngozi ya ng'ombe iliyowambwa kwenye chombo haipanguswi kwa dawa ya klorini ikabaki ngozi. Gitaa lililopakwa vanishi hupanguswa. Sauti ya mtu haihitaji kupanguswa, inahitaji barakoa na mikono iliyooshwa. Haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yatakayoamua kama wauguzi wataukubali mpango au watauona kama mzigo mwingine uliotupwa mgongoni mwao.

Nimelichelewesha pingamizi kubwa makusudi, kwa sababu nalichukua kwa uzito. Mtu anasema: jamaa wa mgonjwa wanatumwa nje ya geti kununua glavu na nyuzi za kushonea, nanyi mnaleta gitaa? Uchungu wa swali hili ni wa haki. Nimewahi kutumwa mimi mwenyewe, nikakimbia barabarani na karatasi mkononi. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na kesualti isiyo na glavu inaivunja kila usiku. Kwa hiyo natamka wazi: shilingi hata moja isitoke kwenye dawa. Kiongozi atakayeleta wanamuziki ili tusione kwamba damu imekwisha katika benki ya damu apingwe kwa sauti kubwa, na nitakuwa miongoni mwa watakaompinga.

Lakini swali hilo limebeba dhana kwamba fedha ni za mfuko mmoja, na si kweli. Jedwali la Nne la Katiba liliipa kaunti vituo vya afya, na hilo hilo liliipa shughuli za utamaduni na burudani za umma. Gavana mmoja, idara mbili. Ile ya utamaduni hutumia fedha zake kwenye matamasha ya siku moja, mahema na vipaza sauti. Gharama ya hema moja ingewalipa wapigaji wawili nauli na posho kwa majuma kadhaa. Wanamuziki wapo: Chuo Kikuu cha Maseno kinafundisha muziki nusu saa tu kutoka mjini Kisumu, Kabarak kinafundisha upande wa Nakuru, na kuna wapigaji wa hotelini ambao Jumatatu hadi Jumatano hawana kazi. Walipwe. Anayejitolea bure huja anapojisikia, na kitengo cha dharura hakiwezi kupanga zamu kwa kujisikia kwa mtu.

Kuhusu kipaji sitakaa sana. Anayefaa ni yule anayeweza kupiga kwa sauti ndogo kuliko sauti ya mazungumzo, na anayeweza kuambiwa "hapana, asante" na watu sita mfululizo bila kununa. Akae kwanza juma moja kesualti bila chombo, abebe maji, ajue njia ya machela inapita wapi. Simu yake ibaki kwa mlinzi. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu najua siku ya kwanza atakuja mheshimiwa na mpiga picha, na mtu mwenye mguu uliovunjika atajikuta kwenye simu za nchi nzima akiwa nusu uchi, na maandishi ya kumshukuru mheshimiwa chini yake.

Kuhusu kuuliza kwenyewe, kuna namna. Ukimuuliza mgonjwa wa kwetu, "Ungependa muziki?" atasema ndiyo kwa adabu, kwa sababu amelelewa kutomkataa mgeni, na kwa sababu anaogopa kwamba atakayemkasirisha mtu yeyote mwenye kitambulisho cha hospitali atahudumiwa mwisho. Yule mzee wa kitanda cha pili angesema ndiyo. Bora mpigaji aseme: "Shikamoo mzee. Naweza kukupigia kidogo, au nipite tu, yote ni sawa." Kisha aangalie macho kabla ya kusikia jibu. Asiyeweza kusema aulizwe kwa mkono: akinyanyua kidole, mpigaji akome. Na swali la pili, ambalo mama alinifundisha: "Kuna wimbo usiotaka kuusikia?" Hilo watu hulijibu haraka na kwa ukweli, kwa sababu linawapa ruhusa ya kukataa kabla hawajapewa kitu.

Usiku wa ajali kubwa, kama ule wa makutano ya Londiani mwisho wa Juni 2023 walipokufa watu 52, mpigaji aweke chombo kabatini, asaidie kusukuma machela au aende nyumbani. Siku nyingi si kama hizo. Siku nyingi ni za kungoja: matokeo ya maabara, eksirei, jamaa aliyekwenda kutafuta pesa. Muziki ni wa saa hizo.

Kuna saa moja zaidi. Mara nyingine mgonjwa hafiki wodini. Daktari anavua glavu, pazia linavutwa, na jamaa wanabaki na mwili na dakika chache kabla mhudumu wa mochari hajaja. Naweza kuifikiria familia ikimwona yule mwenye orutu amesimama kando, hajui aende wapi, na binti mkubwa akamwambia apige. Wimbo utakaotajwa huenda ukawa ule ule mama alioukataa. Ukiombwa na wenyewe, naye apige hadi wamwambie basi. Baadaye atahitaji mtu wa kukaa naye kwenye benchi la nje, chai ya moto, na ruhusa ya kutokuja kesho.